Wewe Nisiyekutaja

Nchi ya Kanushi haimo katika ramani nyingi, na wenyeji wake wanapenda iwe hivyo. Nilialikwa huko na Baraza lao, mimi Skolastika Haule, mwalimu wa Kilatini katika seminari moja ya nyanda za juu, kwa sababu walikuwa wamepokea shairi lililowanyima raha na hawakuwa na mtu wa kulifafanua. Habari za njiani naziacha. Nilifika, nikapewa chumba kizuri na birika la chai, na asubuhi iliyofuata nikaanza kujifunza desturi za watu.

Nyumbani na sokoni Wakanushi husema lugha inayokaribiana sana na yetu, kiasi kwamba sikuhitaji mkalimani. Lakini sheria, hukumu na viapo vyao vyote ni Kilatini. Waasisi wa nchi, nilielezwa, walibishana sana juu ya lugha ya kabila gani itumike serikalini, na mwisho wakaona haki ni kuchagua lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeijua. Kwa hiyo hakimu husoma hukumu, mshtakiwa huinamisha kichwa kwa heshima, kisha hungoja aone askari watamtoa kwa mlango upi. Nilimwona mtu akishangilia ngazini huku amefungwa kifungo kirefu. Mwingine alikuwa akilia, naye alikuwa ameachiwa huru.

Aliyenitembeza mjini alikuwa Bwana Kwirinus, Msajili Mkuu wa Urafiki, mtu mrefu, mpole, aliyevaa koti la cheo lenye vifungo vya shaba. Katika Kanushi urafiki huandikishwa. Wawili wakipendana huenda ofisini kwake, hugongewa muhuri, hurudi nyumbani wakiwa marafiki halali. Mmoja akipanda cheo, foleni ya wanaotaka kuandikishwa naye hulizunguka jengo. Akianguka, marafiki wote huitwa uwanja wa mahakama kunawa.

"Kunawa nini?" niliuliza.

Alinionyesha masinki ya marumaru yaliyopangwa mbele ya ngazi za mahakama. Kila rafiki husimama hapo mbele ya watu, hunawa mikono, na kutamka neno moja la Kilatini ambalo Wakanushi wote wanalijua vizuri: *nescio*, yaani simjui. Hapo urafiki umekwisha. Sabuni hutolewa na serikali. Wenye vyeo huwekewa maji ya moto.

"Zamani watu waliteseka sana rafiki akianguka," Kwirinus alisema. "Sasa mtu ananawa asubuhi, saa nne yuko kazini."

"Na yule aliyeanguka?"

"Huyo hupelekwa Mwishoni."

Mwishoni ni uwanda wa juu, mbali na mji mkuu, penye upepo, ukungu na baridi ya kuunguza mimea. Wanaoishi huko wana lugha yao, na hakuna Mkanushi wa mjini aliyewahi kujisumbua kujifunza. Mtu akipelekwa huko huenda peke yake. Mke haruhusiwi, mtoto haruhusiwi. Ndivyo ilivyomfika Donasiano, mshairi ambaye zamani harusi haikuanza mjini kabla hajasimama kusema beti zake. Alipelekwa kwa sababu ya shairi moja na kosa moja. Nilipouliza ni kosa gani, Kwirinus alinijibu kwamba kulitaja ndilo kosa lenyewe.

"Basi waliomhukumu walilitajaje?"

"Kwa Kilatini," alisema, na sikuona dalili ya utani usoni pake.

Serikali ilimruhusu Donasiano kutunga akiwa huko, mradi atunge kwa Kilatini. Kila siku ya gulio mpiga mbiu alisimama uwanjani akayasoma mashairi yake kwa sauti kubwa, ili raia wasikie jinsi mtu anavyolia akiwa Mwishoni na wao waogope. Hakuna aliyeelewa maneno, ila kilio kinaeleweka bila kamusi, na Baraza liliridhika. Kisha likaja shairi hili ambalo liliniletea mimi mwaliko. Ndani yake lilirudi tena na tena neno *tu*, yaani wewe, na neno hilo Wakanushi walilijua kwa kuwa limo katika kiapo chao. Watu walirudi nyumbani siku ile wakiwa na wasiwasi. Donasiano alikuwa anamwita mtu. Na sheria inasema anayeitwa rafiki na mfungwa wa Mwishoni ni mshirika wake, naye atapelekwa hukohuko.

Nilisimama mbele ya Baraza, nikaapishwa, nikalitafsiri. Lilisema hivi:

*Wewe nisiyekutaja, kwa kuwa jina lako ni nyumba yenye watu na sitaki iungue. Wewe kifua kiaminifu, uliyenifuata njiani asubuhi ile, wengine walipofunga madirisha, ukanivua koti langu lililolowa ukanivika lako: usiniache nife mara mbili, kwa baridi na kwa kunyamaziwa. Niombee kwa wakubwa. Kama huwezi kuniombea, nikumbuke. Kama huwezi kunikumbuka kwa sauti, nikumbuke ukiwa unakula.*

Kisha Mwenyekiti wa Baraza, Mzee Eustaki, mtu mnene mwenye macho ya kuchoka, akaniuliza swali alilokuwa amelitayarisha. "Mtaalamu, ni mwanamume au mwanamke?"

Nilieleza kwamba Kilatini huonyesha jinsia mwishoni mwa maneno mengi, na kwamba mshairi alilijua hilo, akalikwepa. Hakusema rafiki wa kiume wala wa kike. Alisema *pectus fidele*, kifua kiaminifu, na kifua katika Kilatini si cha kiume wala cha kike.

Mjumbe mmoja alipendekeza vifua vya raia wote vikaguliwe. Mwingine alisema tatizo ni neno *wewe*, lipigwe marufuku mpaka uchunguzi ukamilike. Hilo lilipita, na kwa siku kadhaa nilisikia watu sokoni wakiulizana, "Je, huyu aliye mbele yangu ana nyanya mbivu?" Wa tatu alishauri atafutwe mtu asiye na koti, maana aliyempa Donasiano koti lake bila shaka hanalo. Hilo nalo likapita, na siku ya shauri ikapangwa. Jioni ile mji mzima ulikuwa unatafuta fundi wa makoti.

Fundi bora wa makoti mjini alikuwa Verdiana, mke wa Donasiano. Lakini Verdiana alikuwa amekataa kunawa. Mume alipohukumiwa, aliitwa kwenye sinki la mbele kabisa, akasimama, akayatazama maji, akaenda zake nyumbani. Kwa sheria yao mke wa namna hiyo haonekani. Si kwamba amefungwa. Ni kwamba hakuna ruhusa ya kumsalimu, na asiyesalimiwa hana haki ya kusikilizwa popote. Alikuwa ameomba mumewe arudishwe katika kila ofisi ya mji ule, na kila ofisa aliangalia ukuta nyuma yake mpaka alipoondoka.

Sasa watu walimhitaji. Nilipofika kibandani kwake niliwakuta wamejaa, na wote walikuwa wakizungumza na cherehani. "Mikono iwe mirefu kidogo," mama mmoja aliiambia cherehani kwa adabu. "Na bitana nzito, tafadhali." Verdiana alipima, akakata, akashona, bila kuinua macho.

Wateja walipoondoka nilibisha hodi. "Hujambo, Mama Verdiana?"

Alishtuka mpaka uzi ukakatika. Alinitazama kwa muda kabla ya kujibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau. "Sijambo," alisema. "Karibu. Karibu ukae. Wewe si wa hapa."

"Si wa hapa."

"Ndiyo maana."

Alichoniomba kilikuwa kidogo. Alikuwa amesimama uwanjani kila gulio akisikia sauti ya mpiga mbiu ikisoma maneno ya mumewe, naye hakujua hata moja lilisema nini. Nilimsomea shairi lote kwa lugha yake. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipofika kwenye nyumba yenye watu, machozi yalimtoka. Nilipofika kwenye koti, aliinua kichwa.

"Koti?"

"Ndivyo anavyosema. Alivikwa koti."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemjua mwenzake vizuri mno. Kisha akafuta uso kwa kipande cha kitambaa. "Mwalimu, mwambie Mwenyekiti kwamba siku ya shauri nitakuja mwenyewe."

"Watakusikia?"

"Hilo ni lao," alisema, akarudi kwenye cherehani.

Siku iliyofuata mvua ilinyesha tangu adhuhuri, na Kwirinus alikuja chumbani kwangu akiwa ameloa. Alikaa kwenye ncha ya kiti. Alizungumza juu ya hali ya hewa na juu ya chakula cha mgeni.

"Nilikuwa rafiki yake wa kwanza kuandikishwa," alisema hatimaye. "Kabla sijawa na cheo. Alinitungia beti za harusi yangu, na mke wangu alipofariki alilala kwangu wiki nzima, akapika mwenyewe. Siku ya kunawa niliwekewa maji ya moto."

Nilimmiminia chai kutoka kwenye birika langu.

"Asubuhi alipoondoka nilikuwa dirishani kwangu. Nililifunga. Kwa hiyo najua si mimi, Mwalimu. Najua kabisa. Lakini mpiga mbiu anaposoma, nasikia kama ananiita mimi. Je, katika Kilatini kuna kitu chochote, mwisho wa neno, alama yoyote, inayoonyesha?"

"Kilatini kina namna ya kumwita mtu," nilisema. "Neno hubadilika mwishoni, ukajua huyu anaitwa. Hakina namna ya kuonyesha kama aliyeitwa alikuja."

Aliinamisha kichwa. Alipoondoka alisahau kofia, akarudi kuichukua, akaisahau tena.

Siku ya shauri uwanja ulijaa. Mji mzima ulikuja katika makoti mapya, ingawa jua lilikuwa kali, na jasho liliwatiririka. Mzee Eustaki aliketi juu ya ngazi pamoja na wajumbe, na Kwirinus alisimama kando akiwa na muhuri wa ofisi yake. Mimi niliwekwa katikati.

"Mtaalamu," Eustaki alisema, "umekula kiapo. Taja jina la anayeitwa."

"Shairi halina jina, Mheshimiwa. Nimelisoma kwa kila njia ninayoijua."

"Lazima liwe nalo. Nchi haiwezi kulala ikiwa kuna mtu mwaminifu asiyejulikana ni nani." Alisema hivyo kwa masikitiko ya kweli. "Usipotaja, tutaelewa kwamba unamficha, na anayeficha ni mshirika. Mwishoni kuna baridi, Mwalimu."

Niliogopa, nakiri. Nilifikiria kutaja mtu aliyekwisha kufa, na nilikuwa nakumbuka majina niliyoyaona makaburini, wakati sauti iliposikika nyuma yangu.

"Naomba kusema."

Alikuwa Verdiana. Umati ulikuwa umempisha bila kumtazama, kama watu wanavyolipisha toroli. Alifika mpaka chini ya ngazi. Eustaki aliangalia juu ya kichwa chake.

"Naomba kusema," alirudia.

"Kuna upepo leo," Eustaki aliwaambia wajumbe.

Wajumbe wakakubali kwamba kuna upepo. Verdiana hakuondoka. Alisimama tu, mabega wima. Niliona watu wakitazama viatu vyao. Ndipo Kwirinus alipoweka muhuri chini, juu ya ngazi, taratibu kabisa, akashuka hatua chache na kusimama mbele ya mwanamke yule.

"Shemeji," alisema. "Shemeji, hujambo?"

Nimefundisha maneno makubwa ya mataifa ya kale kwa miaka mingi. Sijawahi kuona neno likifanya kazi kama salamu ile ilivyofanya. Umati mzima ulivuta pumzi. Mwanamke mmoja alilia kwa sauti. Verdiana alimtazama Kwirinus usoni.

"Sijambo, shemeji," alisema. "Habari za siku nyingi?"

Sheria ilikuwa wazi: aliyesalimiwa husikilizwa. Eustaki alifuta jasho akamwambia aseme.

"Mimi nilikuwepo asubuhi ile," Verdiana alisema, akiwageukia watu. "Nilimsindikiza mpaka askari waliponizuia. Niliona njia yote mpaka kwenye kona. Hakuna aliyemfuata. Hakuna aliyemvika koti. Aliondoka na lilelile lililolowa, nililomshonea mimi. Mtu anayemwita hakuwahi kuwepo."

Palizuka mnong'ono, kisha Eustaki akasimama, uso wake uking'aa kwa faraja. "Basi shairi ni uongo!" alitangaza. "Ameota rafiki asiyekuwepo. Hakuna mwaminifu Kanushi! Hakuna mshirika, hakuna kosa, mtaalamu yuko huru, na kila mtu anaweza kwenda nyumbani kuvua koti."

Watu walianza kucheka kwa kupona. Wengine walikwisha kufungua vifungo. Mimi mwenyewe nilikuwa nikitafuta njia ya kutoka. Na ningetoka, na mambo yangeishia hapo, kama Kwirinus hangebaki amesimama palepale.

"Yupo," alisema.

"Nani yupo?"

"Anayeitwa. Ni mimi." Hakupaza sauti, lakini walio mbele walimsikia na kuwanyamazisha walio nyuma. "Sikwenda siku ile. Naenda leo." Akalivua lile koti lenye vifungo vya shaba, akalikunja juu ya mkono wake, si kama mtu anayelitupa, kama mtu anayempelekea mwenziwe.

"Kwirinus," Eustaki alisema kwa sauti ya chini, kama anayemwomba, "shauri limekwisha. Uko salama. Rudi mahali pako."

"Nimesharudi, Mzee."

Yule mama niliyemsikia akizungumza na cherehani alikuwa wa pili. Alisema Donasiano alimfundisha mwanawe kusoma, naye siku ile alijifanya anaumwa, sasa haumwi. Kisha mpiga mbiu mwenyewe, aliyesema amechoka kulia kwa niaba ya mtu asiyemtembelea. Kisha muuza samli, kisha makarani wawili mapacha wa mahakamani, kisha sikuweza tena kufuata nani alisema nini. Walikuwa wanavua makoti na kupanda ngazi kuandikishwa kama washirika, na foleni ikauzunguka uwanja, ndefu kuliko foleni yoyote iliyowahi kumfuata mtu aliyepanda cheo.

Baraza lilijadiliana papo hapo. Mjumbe mmoja alisema waende wote, ndiyo sheria. Mwingine alisema haiwezekani, kwa kuwa sheria hiyohiyo inataka kila mfungwa awe peke yake, na wakienda wote hakuna atakayekuwa peke yake. Wa tatu alipendekeza kila mmoja apelekwe Mwishoni yake, akakumbushwa kwamba Mwishoni iko moja. Eustaki aliwasikiliza kwa muda. Halafu alimtazama Verdiana, safari hii usoni kabisa, akanigeukia mimi.

"Mwalimu, *nendeni* kwa Kilatini ni nini?"

"*Ite*, Mheshimiwa."

Akasimama. "*Ite!*" alisema, na sauti yake nene ikaenda mpaka mwisho wa uwanja. Hakuna aliyengoja kuonyeshwa mlango.

Niliondoka pamoja nao. Sikuwa na sababu ya kiofisi. Tulipanda siku nyingi, tukiimba nyimbo za harusi za Donasiano ambazo watu walidhani wamezisahau, na tulipofika juu kwenye uwanda ukungu ulikuwa ukiinuka na jua la asubuhi limeenea juu ya mashamba ya viazi. Watu wa Mwishoni walikuwa wanachimba. Miongoni mwao alikuwemo mtu mwenye ndevu nyeupe na matope mpaka magotini, akiwasimulia kitu kwa lugha yao, nao walikuwa wakicheka mpaka wameegemea majembe. Alikuwa mnene kuliko mashairi yake.

Alituona. Akahesabu nyuso zetu kwa macho, akarudi mwanzo, kama mtu asiyeamini alichosoma. Verdiana alikuwa amekwisha kuuvuka mtaro.

Donasiano alifungua mdomo, na mtu huyu aliyelilia dunia nzima kwa beti hakupata neno hata moja la ushairi. "Mmekula?" alisema.

Verdiana alimpiga kifuani kwa ngumi, kisha akamkumbatia, na walikaa hivyo mpaka wachimbaji wakageuka kuwapa nafasi. Kwirinus alibaki mtaroni na koti mkononi. Hakuthubutu kuvuka. Donasiano alimwona juu ya bega la mkewe.

"Kwirinus!" alilitaja jina hilo kwa sauti, mbele ya askari wa Baraza waliokuja kutulinda. "Umesimama huko unangoja nini? Njoo univike, nakufa baridi."

Kwirinus alimvika. Vifungo vilimshinda, na Donasiano hakumsaidia. Alimwacha avifunge vyote, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.

Watu wa Mwishoni hawakuuliza nani kaandikishwa na nani. Mama mmoja wao, mwenye sauti ya kuamrisha, aliuliza jambo moja tu, na Donasiano akatufasiria: nani kati yetu anajua kujenga? Hakuna aliyejua. Tulikuwa makarani, wapiga mbiu, wauza samli na mwalimu wa lugha iliyokufa. Walicheka, wakatugawia mapanga.

Nilikaa mpaka nyumba ya kwanza iliposimama. Kabla ya hapo tulisikia kwamba njia tuliyopitia haikukauka watu: walikuwa wanapanda watu ambao hawakuhukumiwa, mmoja na jiko lake kichwani, mwingine na mama yake mgongoni, na kwamba Baraza limeacha kumpeleka mtu yeyote Mwishoni, kwa kuwa adhabu hiyo sasa inaombwa. Siku ya kuinua mti mkuu wa paa tuliushika wote, wa huku na wa huko, Kwirinus akiwa ameloa jasho, askari wa Baraza wakiwa wamevua kofia. Donasiano alisimama juu ya ukuta akatoa wimbo kwa lugha ya Mwishoni, ambao sikuelewa hata neno moja, na wenyeji wakaupokea kwa kishindo, nasi tukaupokea nyuma yao kwa kubahatisha, kwa sauti za juu kuliko zote tulizokuwa nazo. Mti ukapanda. Ukayumba. Verdiana akapiga kelele, "Shemeji, kushoto!" Ukafika juu ya nguzo, ukakaa.